Kuni na Vyombo Vikuukuu vya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mashambani Mombasa

Mombasa inajulikana kwa bandari na hoteli, lakini ukitoka kisiwani ukaingia Mwakirunge, Jomvu Kuu au ndani kabisa ya Mtongwe, utakuta nyumba zenye mafiga uani, tita la kuni kando ya banda, na shoka la babu limechomekwa chini ya paa. Majibu haya ni ya watu wa nyumba hizo. Kuni na vyombo nimeviweka pamoja kwa sababu nyumbani havitengani. Shoka likiwa butu, mtu huchoka mapema na kuokota chochote kilicho karibu, hata kibichi. Kibichi huleta moshi, na jiko lililopasuka hula kuni maradufu.

Naruhusiwa kuokota kuni wapi?

Kwenye shamba lako mwenyewe, okota bila wasiwasi. Kwa jirani, omba ruhusa hata kama ni tagaa lililokwisha anguka. Hapa Pwani kuna jambo ambalo wageni hawalijui: mwenye ardhi na mwenye miti huenda wakawa watu wawili tofauti. Mnazi au mwembe unaouona kwenye kiwanja cha fulani unaweza kuwa ulipandwa na familia nyingine, na haki ya miti hiyo ikabaki kwao. Kwa hiyo usitosheke na ruhusa ya aliye karibu. Uliza, "Miti hii ni ya nani?"

Mikoko ya hori ya Tudor na ya Port Reitz si ya mtu yeyote kujikatia. Mikoko ya pwani yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Kukata bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Najua mkandaa na mkoko huwaka vizuri sana, na najua wazee wetu walizitumia kuni hizo. Lakini katika mizizi hiyo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia, na mizizi hiyo ndiyo inayoshika tope lisizibe hori. Mvuvi wa Jomvu Kuu na mpishi wa Jomvu Kuu mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Mikoko ikiisha, nyumba hiyo hukosa kitoweo kabla ya kukosa kuni.

Ukienda kwa jamaa Kwale au Kilifi, kaa mbali na misitu ya kaya. Humo hata ukuni mkavu hauokotwi bila idhini ya wazee. Misitu hiyo mitakatifu ya Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini miiko yake ni ya zamani kuliko orodha yoyote.

Kuni za mti gani ndizo bora?

Mvinje unaongoza. Ni mzito, moto wake ni mkali, na hushika hata ukiwa haujakauka kabisa. Ubaya wake ni ugumu. Uuchanje ungali mbichi, maana ukishakauka utakuvunja mgongo.

Mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, unapatikana kila uani na kuni zake si mbaya, ingawa moshi wake una ukali kidogo puani. Mwembe ni wa wastani. Unachelewa kukauka, na ukiachwa chini bila kuchanjwa huliwa na bungua mpaka ukabaki unga. Mkwaju una moto wa kudumu na makaa mazuri, lakini usiuangushe mti mzima; chukua matagaa makavu tu, kwa sababu mkwaju unakua polepole na kivuli chake kina thamani kuliko kuni zake. Mkanju mkuukuu unaopogolewa nao unatoa kuni za kutosha.

Mbuyu, mgomba na mpapai usijisumbue navyo, ni maji matupu.

Mambo mawili ya hatari. La kwanza ni mnyaa, ule mti wa ua usio na majani unaotoa maziwa meupe. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha, na moshi wake unachoma macho na koo. Usiutie motoni hata ukiwa mkavu. La pili ni maganda mabichi ya korosho. Yana mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake ni sumu kwa kifua. Yanawaka kwa nguvu, ndiyo maana watu huvutiwa nayo, lakini mahali pake si jikoni palipo na watoto.

Nipande nini ili nisihangaike tena?

Kama una nafasi, panda mkilifi na mvinje. Mkilifi ukiukata kwenye urefu wa goti, kwa mkato wa mshazari ili maji yateremke, huchipua tena wenyewe, na baada ya miaka michache unavuna kwenye shina lilelile. Mvinje hauchipui vizuri kwenye kisiki, basi kila ukivuna panda mche mwingine. Faida yake ni kwamba unastahimili udongo maskini na hewa ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyoshika, na leo pana msitu. Kama uliota pale, shambani kwako utaota. Panda mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Aprili.

Mnazi umeanguka shambani kwangu. Una faida yoyote kama kuni?

Mnazi una faida karibu kila sehemu, ila lazima ujue ipi ni ya kazi gani.

Makuti makavu ni ya kuwashia. Yanalipuka na kuisha papo hapo, kwa hiyo anayepikia makuti matupu atakaa akipuliza mpaka wali umshinde. Karara, lile ganda gumu linalofunika ua la nazi, ni bora zaidi: linashika haraka na linadumu kiasi cha kuchemsha chai. Makumbi yanafuka zaidi kuliko kuwaka. Hayo yaweke ya jioni, nje, kufukuzia mbu, au yachambue usokote kamba. Vifuu ndiyo mali yenyewe. Moto wake ni mkali na makaa yake ni magumu, na kwa pasi ya makaa sijaona kinachovishinda. Kifuu kikavu hakipaswi kutupwa Mombasa hii.

Shina ndilo linalowapa watu tabu. Sehemu ya nje ni ngumu na hufaa kwa mbao, vigogo vya kukalia au kingo za bustani. Ya ndani ni laini, imejaa maji, na hukauka ikawa kama sifongo. Ipasue, ianike, uichanganye na kuni nyingine. Usiliache shina lioze lilipoangukia. Chonga, yule mende mwenye pembe anayetoboa kilele cha minazi, hutaga mayai yake kwenye vigogo vinavyooza, na baada ya muda utapoteza na minazi iliyosimama.

Kuni zangu hutoa moshi mwingi ingawa nimezianika. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni mambo matatu: hazikuchanjwa, ziko chini, au zimefunikwa zikakosa hewa.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huenda ikawa maji. Ukiutia motoni, joto la kwanza lote linafanya kazi ya kuyachemsha maji hayo, na kinachobaki kwa chungu ni kidogo. Gogo zima lenye ganda hukauka polepole sana kwa sababu ganda linazuia. Lichanje lifikie unene wa mkono wako penye saa, na ulikate fupi, kwa maana maji ya mti hutoka zaidi kwenye ncha.

Kisha lipange juu ya mawe au fito mbili, lisiguse ardhi. Panga safu kwa kukingamisha ili upepo upite katikati. Juu weka bati kuukuu au makuti, pembeni acha wazi. Wengi hufunga tita lote kwa nailoni wakidhani wanalilinda na mvua, kumbe wanalipika kwa jasho lake na kuliotesha ukungu.

Majira ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wakati wa kukata na kuanika: jua kali, mvua haba. Kuni zilizochanjwa vizuri mwanzo wa kaskazi huwa tayari kabla masika hayajaingia Aprili. Ukikata Mei, mwezi ambao mvua ya Mombasa huwa imepamba moto, jiandae kula moshi mpaka Agosti. Magogo ya miti migumu kama mkwaju yape nusu mwaka au zaidi.

Zikikauka utajua. Ncha hupasuka nyufa ndogo, ganda hubanduka, uzito hupungua, na ukigonganisha mbili hutoa mlio mkavu wa juu. Mbichi hutoa kishindo kizito.

Uchaga juu ya moto ni desturi nzuri ya kumalizia kuni za wiki hii, lakini kama jiko lako limeezekwa makuti uweke mbali na ndimi za moto. Nyumba nyingi zimeteketea hivyo.

Mama yangu hubeba mzigo mkubwa kichwani kutoka mbali. Tumsaidieje?

Kwanza mpunguzieni mzigo. Shingo na magoti ya kina mama wengi yameharibika kwa kuni, na hakuna sifa yoyote katika tita linalomfanya mtu ayumbe. Matita mawili madogo kwa safari mbili ni bora kuliko moja kubwa. Kata ya kichwani iwe nene. Tena kuni zikichanjwa na kuachwa kule kule zikakauka kidogo, uzito wa kubeba unapungua sana. Yaani mnabeba mti bila maji yake. Vijana wa nyumba wakiwa na wilbaro au mkokoteni, hiyo ni kazi yao.

Naweza kuchoma mbao za paleti kutoka bandarini?

Baadhi yake, ndiyo. Paleti nyingi zinazotoka kwenye mabohari ya Shimanzi na Changamwe zina muhuri wenye picha ya shuke la ngano, herufi za nchi, na herufi za dawa. Ukiona HT, mbao hizo zilipashwa moto tu, kwa kiwango cha nyuzi 56 kwa dakika 30, ili kuua wadudu. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi. Hizo ziache. Na hata yenye HT iangalie: ikiwa na madoa ya mafuta, rangi au kemikali iliyomwagika, si ya kupikia.

Mbao za vyombo vya baharini vilivyovunjwa zinapendeza kwa ukavu, lakini zimepakwa rangi, na rangi za chini ya chombo mara nyingi zina shaba ya kuzuia viumbe wasigande. Mbao zilizookotwa ufukweni zikiwa zimelowa chumvi zikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na pia hula sufuria na bati la jiko. Plaiwudi na mbao za unga uliogandishwa zina gundi. Nguzo za umeme au za ua zilizotiwa dawa ya kijani ndizo mbaya kupita zote, kwa kuwa dawa hiyo huwa na aseniki, na aseniki hubaki kwenye majivu. Mtu akiyatia majivu hayo bustanini, ameilisha mchicha wake sumu.

Naogopa nyoka kwenye rundo la kuni. Nifanye nini?

Woga wako una maana. Moma hupenda kujilaza penye kuni na majani makavu, wala hakimbii akisikia mtu. Rundo lisiegemee ukuta wa nyumba. Fagia kuzunguka, usimwage hapo mabaki ya chakula yanayovuta panya, na usiingize mkono mahali usipopaona. Vuta ukuni kwa fimbo kwanza. Usiku usiende bila taa na viatu. Nge na tandu nao hukaa chini ya maganda, basi kung'uta kila ukuni kabla ya kuukumbatia.

Mtu akiumwa, mtulizeni asitembee, vueni pete na bangili, na mumkimbize hospitali. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba ya kukaza. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi safi papo hapo, kisha hospitali.

Mafiga yangu ya mawe yanamomonyoka, na moja lilipasuka kwa kishindo. Kwa nini?

Kwa sababu karibu kila jiwe unaloliokota Mombasa ni la matumbawe. Kwa jiwe hilohilo wazee walitengeneza chokaa: walilichoma kwenye tanuu la magogo mpaka likawa unga mweupe, wakajengea nyumba za Mji wa Kale. Moto wa jikoni hauna nguvu ya tanuu, lakini ukilichoma kila siku uso wake hugeuka unga. Tena matumbawe yana vitundu vinavyonywa maji. Likinyeshewa kisha likapata moto wa ghafla, maji ya ndani hugeuka mvuke na jiwe hupasuka. Vipande huweza kuruka na kumfikia mtoto.

Tumia matofali ya udongo wa kuchoma, au ufinyange mafiga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu. Yakaushe kivulini kwa wiki mbili hivi bila haraka, kisha uyazoeshe moto mdogo mdogo kabla ya kupikia.

Ukiweza, panda ngazi mpaka jiko la kuni lenye chungu cha udongo ndani, lile la Maendeleo ambalo wengine huliita Upesi. Linakandikwa kwa udongo palepale ulipozoea kupikia, na hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu kwa kuwa moto hauvujii pembeni.

Jiko langu la makaa limepata ufa kwenye udongo wa ndani. Ndio mwisho wake?

Ufa mwembamba si mwisho. Safisha majivu, lowesha ufa kidogo, jaza mchanganyiko laini wa udongo na majivu, acha ukauke siku kadhaa, halafu washa moto mdogo. Udongo ukishavunjika vipande na kuachia bati, nunua wa kubadilisha badala ya jiko zima. Mafundi wa majiko huuza udongo peke yake na kuupachika.

Kinachoua bati la jiko ni majivu yenye unyevu. Majivu yakikaa usiku kucha kwenye hewa yetu hii hunywa maji, na maji ya majivu hula bati. Mwaga majivu yakishapoa, kila siku.

Kupikia ndani kuna madhara kweli? Bibi amepikia ndani maisha yake yote.

Kuna madhara, na huenda bibi ameyabeba bila kulalamika: kikohozi cha asubuhi, macho mekundu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na watoto wadogo wamo kwa wingi. Jiko liwe banda la pembeni lenye nafasi wazi kati ya ukuta na paa, au lenye madirisha mawili yanayotazamana ili upepo wa bahari upite. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha, kwa sababu hapo ndipo moshi unapokuwa mzito zaidi.

Seredani au jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata kama makaa yanaonekana kufa. Yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, na aliyeivuta usingizini hana namna ya kujua. Hili halina ubaguzi wa mvua wala baridi.

Shoka la babu linachomoka mpinini. Nalitia maji usiku, lakini mchana linalegea tena.

Acha kulitia maji. Mti ukilowa huvimba na kujibana ndani ya tundu la chuma, na nyuzi zake husagika. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa jana. Kila unavyorudia unauharibu zaidi.

Kama mpini bado mzima, fanya hivi. Lishike shoka kichwa kikining'inia chini, kisha gonga ncha ya mpini kwa nyundo ya mti. Utashangaa: kichwa kitapanda mpinini chenyewe, kwa uzito wake. Kikishafika mwisho, piga kabari ya mti mgumu kwenye mpasuo wa juu, na kama bado pana ulegevu ongeza kabari ndogo ya chuma kwa mshazari. Ziada ikate kwa msumeno, kisha paka mafuta.

Mpini ukiwa umepasuka, tengeneza mwingine. Mpera ni mti mzuri kwa kazi hii: mgumu, hauvunjiki ovyo, na karibu kila boma lina mmoja. Mkole nao unasifika. Tafuta tawi lililonyooka, nyuzi zake zikienda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho bila fundo, na ulikaushe kivulini mpaka likauke kweli. Usilichonge likiwa bichi, litalegea baada ya wiki chache. Laini kwa kipande cha chupa au msasa, na usipake vanishi, kwa kuwa inateleza kwenye jasho na kutoa malengelenge. Mafuta ya nazi yanatosha.

Kwa shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wa chuma unapita ndani ya kirungu cha mpini, kazi ni tofauti kidogo. Toboa tundu dogo kuliko mkia, pasha mkia moto, uusukume ndani ujichomee njia yake mwenyewe. Tundu la namna hiyo hubana kuliko la patasi.

Namna gani ninoe panga na shoka?

Tupa kwanza, kinoo baadaye. Bana chombo kisicheze, sukuma tupa upande mmoja tu, toka kwako kwenda mbele, na uinyanyue unaporudi. Ukiisugua kwenda na kurudi unaua meno ya tupa. Panga liwe jembamba makalini. Shoka lisiwe jembamba mno, liwe na tumbo kidogo, la sivyo litang'oka vipande kwenye fundo la mkwaju. Maliza kwa kinoo na maji.

Mashine ya kunolea ya fundi ni ya haraka lakini ina hatari yake. Makali yakigeuka rangi ya buluu, chuma kimepoteza ugumu, na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Mwambie fundi achovye majini mara kwa mara. Ni haki yako kusimama pale ukitazama.

Vyombo vyangu vinashika kutu haraka sana. Je, ni hewa ya bahari?

Ndiyo. Chumvi ya hewani hukaa juu ya chuma na kuvuta unyevu hata siku ya jua. Na ikiwa unaoshea maji ya kisima chenye chumvi, unaongeza. Osha jembe na panga kwa maji baridi ya mvua au ya bomba, kausha kwa kitambaa, paka mafuta kidogo, tundika. Chombo kilichoachwa kimechomekwa ardhini ni chombo kilichotelekezwa.

Kutu iliyokwisha shika, loweka chuma kwenye siki usiku mmoja, au ukisugue kwa ndimu na chumvi, halafu brashi ya waya. Suuza vizuri kwa maji ya sabuni, maana chumvi ikibaki utakuwa umefanya kazi bure, kausha juani na upake mafuta saa hiyohiyo. Oili chafu ya gari hufaa kwa jembe na minyororo. Kwa kisu na mbuzi ya nazi tumia mafuta ya nazi tu.

Na kwa kuwa nimeitaja mbuzi: meno yake yakiisha, yafufue kwa tupa ndogo ya pembe tatu, jino kwa jino, ukifuata mabonde ya zamani. Ikiyumba, kaza au badilisha msumari wa katikati. Kazi ya alasiri moja.

Kandili yetu inatoa moshi na kioo kinakuwa cheusi.

Utambi umekatwa vibaya au umepandishwa mno. Ukate unyooke, kisha punguza pembe zake mbili kidogo. Kama bado, chemsha kichwa cha kandili, ile sehemu yenye vitundu, kwenye maji yenye magadi, maana vitundu vikiziba moto hukosa hewa. Kioo kioshe kikiwa kimepoa.

Tangi likivuja, fundi anaweza kulilehemu kwa risasi. Kabla ya hapo limwagwe, lioshwe kwa sabuni, na lijazwe maji mpaka karibu na penye tundu, ili mvuke wa mafuta usibaki ndani ukalipuka. Na ndani ya kandili yaingie mafuta ya taa tu. Petroli, hata tone la kuchanganya, ni moto wa nyumba nzima.

Pampu ya mkono ya kisima chetu inachukua muda kabla ya kutoa maji. Imekufa?

Bado. Ifanyieni jaribio: iacheni usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi ikihitaji kupigwa mara nyingi kabla maji hayajatokea, vali ya chini inavuja na maji yameshuka. Ikiwa maji yanakuja mapema lakini ni machache kila pigo, mpira wa pistoni umelika. Vyote viwili hubadilishwa.

Kama ni ya Afridev, mna bahati. Pampu hiyo ilijaribiwa na kuboreshwa sana hapa jirani Kwale katika miaka ya 1980, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe, bila gari la winchi. Vifaa vyake vya kufungulia ni vichache. Kina mama wanaoteka maji ndio wanaosikia kwanza pampu ikibadilika mlio, basi wafundishwe wao kubadilisha mipira, na wawekewe mipira ya akiba.

Pipa kuukuu naweza kulifanya tangi la maji au jiko?

Uliza kwanza lilibeba nini. La kemikali, rangi au dawa ya wadudu lisiguse maji ya kunywa hata likioshwa mara ngapi. Lililobeba petroli, dizeli au thina lisikatwe wala kuchomelewa, hata kama limekaa tupu miaka. Mvuke uliojificha kwenye mshono unatosha kulilipua, na mafundi wamepoteza maisha hivyo. La mafuta ya kula au juisi ndilo la kutafuta.

Gurudumu la wilbaro linakwama.

Ni grisi. Fungua ekseli, futa mchanga wote, paka mpya. Tundu likiwa limepanuka, fundi atatia bushi ya kipande cha bomba.

Nitajuaje chombo hakifai tena, nikiuze kama chuma chakavu?

Angalia sehemu inayobeba nguvu. Jembe lililopasuka kwenye tundu la mpini, shoka lenye ufa unaopanda kutoka kwenye makali, mnyororo wenye pingu zilizolika nusu: hivyo vimekwisha, na kuvichomelea ni kumtegea mtu ajali. Kilicholika pembeni tu bado kina kazi. Jembe lililoisha huwa kijembe kizuri cha kupalilia bustani ya mchicha.

Ukiuza, uza kwa mnunuzi mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inavyotaka, na usipokee kwa mtu chuma usichojua kilikotoka. Kabla hakijaondoka, ng'oa nati, bolti na bawaba zilizo nzima. Springi ya gari usiiuze kwa kilo. Ndicho chuma ambacho wahunzi hutolea shoka na tindo, na ukimpelekea mhunzi chuma chako mwenyewe utalipia kazi ya mkono peke yake.